Chumvi Ndani ya "Salary": Askari wa Roma Walilipwa Nini Hasa?

Mwisho wa mwezi ukikaribia, ujumbe uleule huanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: "Je, wajua? Neno salary limetokana na chumvi, kwa sababu askari wa Roma walikuwa wakilipwa chumvi." Nimeusikia hata kwenye semina ya kazini, mtoa mada ameshika kichupa cha chumvi mkononi, na ukumbi mzima ukaitikia kwa kichwa. Mimi pia niliitikia. Nilipokuja kufuatilia nikakuta nusu ya kwanza ya ujumbe ule ni kweli, na nusu ya pili haina ushahidi. Uongo uliobebwa mgongoni mwa ukweli ni mgumu kuutoa, kwa hiyo tuuendee polepole.

Dhana: Askari wa Kirumi walipokea chumvi badala ya fedha

Malipo ya askari wa Roma yalikuwa na jina lake, na jina hilo halikuwa salarium, neno la Kilatini lililozaa salary. Yaliitwa stipendium, neno lililoungwa na stips, yaani sarafu au mchango mdogo, na pendere, yaani kupima kwenye mizani, kisha kulipa. Jina lenyewe linataja fedha. Polybius, mwanahistoria Mgiriki aliyeandika katika karne ya 2 KK, anaeleza kiwango cha malipo ya siku kwa hesabu ya fedha, na jinsi askari wa Kirumi alivyokatwa thamani ya ngano na mavazi aliyopewa.

Kaisari Augusto alipofariki mwaka 14 BK, vikosi vilivyokuwa Pannonia, eneo la Hungaria na majirani zake wa leo, viliasi. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, ametuandikia walichokuwa wakilalamikia: roho na mwili wa askari vinathaminiwa as kumi kwa siku, na humohumo anunue nguo, silaha na hema. As ilikuwa sarafu ndogo ya shaba. Kumi na sita zilifanya denarius moja ya fedha. Madai yao yalikuwa denarius moja kwa kutwa. Kama wangekuwa wakipimiwa chumvi, hapo ndipo pangekuwa pa kuisema, maana walisema kila kitu kingine.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni kipande cha mafunjo kilichopatikana Misri na kuhifadhiwa Geneva, cha karibu na mwaka 81 BK. Kina hesabu za askari wawili, na mtumishi yeyote wa leo ataitambua hati ya mshahara pale pale. Askari wa kwanza ameingiziwa drakma 248, fedha iliyotumika Misri wakati huo, za awamu moja. Halafu yanakuja makato: nyasi kavu 10, chakula 80, viatu na kamba zake 12, sikukuu ya Saturnalia kambini 20, mavazi 60. Jumla ya makato 182. Zikabaki 66, zikaungwa na akiba yake ya 136, akawa na 202. Chumvi haikutajwa kwenye mapato wala kwenye makato. Kama aliila, na bila shaka aliila, imo ndani ya zile 80 za chakula.

Hadithi ya chumvi inategemea zaidi mstari mmoja wa Pliny Mkubwa, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 BK, katika kitabu cha 31 cha kazi yake kuhusu maumbile. Anaisifu chumvi, kisha anasema imeingia hata katika vyeo na utumishi wa jeshi, na kwamba malipo yaitwayo salaria yamepata jina hapo. Amesema jina limetoka kwenye chumvi. Hakusema askari walikabidhiwa chumvi, naye mwenyewe aliwahi kuwa ofisa wa wapanda farasi huko Germania, kwa hiyo jeshi alilijua kwa ndani. Waliokuja baadaye ndio waliojazia. Kamusi kubwa ya Kilatini ya Lewis na Short, ya mwaka 1879, ilieleza salarium kuwa ni fedha walizopewa askari za kununulia chumvi, na wasimulizi wakaruka hatua moja zaidi: fedha za chumvi zikageuka kuwa chumvi yenyewe.

Dhana: Chumvi ya Roma ilikuwa na thamani ya dhahabu

Cato, mwanasiasa wa Roma, katika kitabu chake cha kilimo cha karne ya 2 KK, anamwelekeza mwenye shamba agawe chumvi kwa watumwa: modius moja kwa kila mtu kwa mwaka, yatosha. Modius ni karibu lita 9. Kitu anachopewa mtumwa kwa kipimo hicho si dhahabu.

Ilikuwa muhimu, hilo halina ubishi. Barabara iliyotoka Roma hadi pwani ya Adriatiki iliitwa Via Salaria, na mwaka 204 KK serikali iliweka ushuru mpya juu ya chumvi. Mmoja wa maofisa waliohusika, Marcus Livius, jina lake la Salinator likafungamanishwa na jambo hilo. Tena chumvi kutumika kama fedha kumetokea kweli duniani. Ethiopia walitumia vipande vya chumvi viitwavyo amole kwa karne nyingi. Lakini ushahidi wa Ethiopia ni wa Ethiopia.

Dhana: Basi neno halina chumvi kabisa

Hili ni kosa la upande wa pili, na nimeliona kwa watu wasomi. Wakishagundua kwamba hadithi ya askari haina miguu, wanaitupa na asili ya neno. Salarium imetoka kwa sal, chumvi, bila shaka yoyote, na umbo lake lina ndugu. Palikuwa na calciarium, fedha za viatu. Palikuwa na vestiarium, fedha za mavazi. Palikuwa na congiarium, iliyoanza kama mgao wa mafuta au divai kwa kipimo cha congius, kama lita 3 hivi, hatimaye ikawa fedha taslimu ambazo makaisari waliwagawia watu wa Roma.

Sisi Waswahili tuna njia nyepesi ya kulielewa hili, kwa sababu tuna neno posho. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 walipimiwa posho ya nafaka kwa kibaba. Uganda mpaka leo posho ni ugali wenyewe. Posho ya kikao Dodoma hulipwa kwa shilingi, wala hakuna anayefika na kikapu cha kubebea unga. Jina limebaki kwenye chakula, malipo yamehamia kwenye noti. Msomaji wa miaka 2,000 ijayo akiona neno posho katika bajeti yetu, akahitimisha kwamba watumishi walilipwa mahindi, atakuwa amefanya kosa lilelile tunalowafanyia Warumi.

Katika enzi ya makaisari salarium lilihusu zaidi posho na malipo ya maofisa. Tacitus anamlaumu Kaisari Domitian kwa kutompa Agricola, jemadari aliyekuwa baba mkwe wa Tacitus, salarium iliyokuwa kawaida ya gavana wa cheo chake.

Dhana: Hata "soldier" limetoka kwenye chumvi

Halikutoka huko. Limetoka kwa solidus, sarafu ya dhahabu iliyoanzishwa na Kaisari Konstantino mwanzoni mwa karne ya 4, ambayo 72 zilitoka kwenye ratili moja ya Kirumi. Maana ya solidus ni kitu kigumu, kizima. Kutoka hapo Waitaliano wakapata soldato, mtu aliyelipwa, na hadi leo pesa wanaiita soldi. Mjerumani ana Soldat na Sold, Mfaransa ana solde kwa malipo ya jeshi, Mhispania anauita mshahara wake sueldo. Sal na sold zinafanana sikioni tu.

Dhana: Neno hili lina maana moja Ulaya nzima

Familia ni moja: Kifaransa salaire, Kiitaliano na Kihispania salario, Kireno salário, Kiromania salariu, Kiholanzi salaris. Matumizi yametawanyika. Mwingereza alilipata karne ya 14 kupitia Kifaransa, na leo analiweka kwa mtu wa ofisini anayelipwa kwa mwezi. Kibarua wa kuhesabiwa saa ana wage, neno la asili ya Kigermanik, familia ya lugha kama Kijerumani na Kiingereza. Kwa Mfaransa salaire inamfaa hata mfanyakazi wa kiwandani, ila wakili hudai honoraires na mtumishi wa serikali hupokea traitement. Kifaransa ndiyo lugha ya ofisi za Kongo pia. Danmark, salær ni ada ya mtaalamu kama wakili. Mjerumani wa kawaida husema Gehalt au Lohn, na Salär utaisikia zaidi Uswisi. Mfasiri anayeandika "mshahara" kila aonapo umbo hili atapotosha mkataba siku moja.

Dhana: Kilatini hakikugusa malipo ya Mswahili

Mshahara wenyewe ni wa Kiarabu, umetoka kwa shahr, mwezi: malipo ya mwezi kwa mwezi. Ujira nao ni wa Kiarabu. Chumvi ya Warumi kwetu imeishia jikoni, ndani ya saladi, iliyokuwa mboga iliyotiwa chumvi, na soseji, nyama iliyotiwa chumvi, zote zikipitia Ulaya.

Lakini ile denarius waliyoidai askari wa Pannonia ilisafiri. Ilipita kwa Wagiriki na Washami, ikaingia Kiarabu kama dinar, ikatajwa katika Qurani, Sura Aal Imran aya ya 75, na Kiswahili kikaipokea kuwa dinari. Fungua Injili ya Mathayo kwa Kiswahili, sura ya 20, umsome mwenye shamba la mizabibu alipokwenda alfajiri kutafuta vibarua. Alipatana nao dinari moja kwa kutwa.