Sarufi si kazi ya mhariri peke yake

Waandishi chipukizi wengi huamini kwamba aliyekizungumza Kiswahili tangu utotoni hahitaji kujifunza sarufi, na kwamba makosa yakibaki mhariri atayasafisha. Si kweli. Mhariri anaweza kurekebisha neno, lakini hawezi kukisia maana iliyokuwa kichwani mwako.

Tazama: "Mfuko wa mama uliopotea" na "Mfuko wa mama aliyepotea". Katika tungo ya kwanza tunatafuta mfuko, katika ya pili tunamtafuta mama. Viambishi viwili tu vimegeuza hadithi nzima. Au "Mtoto aliyempenda mwalimu": nani alimpenda nani? Tungo hii inakubali maana zote mbili. Unapozungumza, mazingira hukusaidia; kwenye karatasi msomaji hana wa kumuuliza. Ukiandika "mtoto ambaye mwalimu alimpenda", utata unaisha.

Programu ya kukagua tahajia nayo isikupe moyo sana. "Kitabu ambacho nilichonunua" itapita, kwa kuwa kila neno peke yake ni sahihi. Kosa ni kurudia kirejeshi, yaani "cho" inayorejelea kitabu. Chagua kimoja: "ambacho nilinunua" au "nilichonunua".

Rasimu ikikamilika, isome mara moja kwa ajili ya upatanisho wa nomino na kitenzi tu. Pigia mstari nomino inayotawala sentensi, kisha ufuate kitenzi chake. Makosa hujificha pale nomino nyingine inapoingia katikati: "Vitabu vya mwanafunzi mgeni vimepotea" huandikwa "amepotea", kwa sababu sikio limeshika nomino ya karibu.