Je, wajua kwa nini sifuri hula umeme kuliko moja kwenye RAM ya kompyuta?

Ungedhani kutuma moja ndiko kunakogharimu umeme, na sifuri ni ya bure. Kwenye RAM za DDR4, kizazi cha nne cha RAM za DDR za kompyuta, mambo ni kinyume: moja ikishatulia kwenye waya karibu haili kitu, lakini sifuri huchoma umeme muda wote inapokuwapo. Sababu iko mlangoni mwa chipu, kwenye saketi inayosukuma data nje.

Tuanzie ndani. Tangu Robert Dennard wa IBM apewe hataza ya DRAM, aina ya kumbukumbu iliyomo kwenye RAM hizi, mwaka 1968, wazo la msingi ni lilelile: kila biti hukaa kama chaji ndani ya kapasita moja, yaani kijidude cha kuhifadhi chaji, na transista moja, ambayo ni swichi ndogo ya umeme, huifungulia na kuifungia. Chaji hiyo ni kidogo mno. Waya wa nje unaokwenda kwa prosesa, pamoja na pini zake, unahitaji chaji mara mamia kadhaa ya hiyo ili volteji yake ibadilike. Kwa hiyo biti hukuzwa kwanza, kisha hupita kwenye mlolongo wa transista, kila hatua ikiwa kubwa kuliko iliyotangulia kama mara tatu au nne hivi. Mwishoni zipo transista mbili kubwa: ya juu huunganisha waya na volti 1.2, ya chini huuunganisha na ardhi. Ikiwaka ya juu, umetuma moja. Ikiwaka ya chini, umetuma sifuri.

Ugumu unaletwa na kasi. DDR4 ya daraja la 3200 hutuma biti bilioni 3.2 kwa sekunde kwenye kila waya. Katika muda wa biti moja, ishara husafiri sentimita tano hivi tu kwenye bodi, hivyo ya kwanza haijafika na ya pili imeshaondoka. Ishara ikifika mwisho wa waya isipate cha kuimeza, hurudi ilikotoka na kuvuruga biti zinazoifuata. Ndiyo maana mwisho wa waya huwekwa rezista, kijidude cha kukinza mkondo. Kwenye DDR3, kizazi kilichotangulia, rezista hiyo ilishikizwa katikati ya volteji, hivyo sifuri na moja zote zilivuta mkondo. Wabunifu wa DDR4 waliihamishia upande wa juu, kwenye volti 1.2.

Sasa piga hesabu. Ukituma moja, ncha zote mbili za njia ziko kwenye volti 1.2, na mkondo hauna pa kwenda. Ukituma sifuri, umeme hushuka kutoka volti 1.2, hupita kwenye rezista ya mwisho, tuseme ohmu 48, kisha kwenye transista ya chini yenye ohmu 34. Jumla ni ohmu 82, na mkondo ni kama miliampea 15. Zidisha kwa nyaya 64 za data: zote zikiwa sifuri, karibu ampea nzima inapita bila kufanya kazi nyingine yoyote ila kushikilia sifuri.

Dawa yake, kwangu mimi, ni ya kupendeza kuliko vyote kwenye saketi hii. Kila kundi la nyaya nane linaweza kupewa waya wa tisa. Kabla ya kutuma, chipu huhesabu sifuri. Zikizidi nne, hugeuza biti zote nane, sifuri ziwe moja na moja ziwe sifuri, kisha hushusha ule waya wa tisa kumwarifu mpokeaji azigeuze tena. Kwa njia hiyo, kati ya nyaya tisa, sifuri hazizidi nne kamwe.

Faida si umeme peke yake. Transista nyingi zikibadilika kwa pamoja, volteji ndani ya chipu huyumba, kama presha ya maji inavyoshuka bomba zote za nyumba zikifunguliwa mara moja; sifuri zikiwa chache, kuyumba huko hupungua. Kwa sababu ya kuyumba huko pia, transista za kutolea data hupewa pini zao za umeme, mbali na za kapasita za kumbukumbu. Pia transista ya juu na ya chini haziachwi ziwake pamoja hata kwa kitambo kidogo, maana mkondo ungeteremka moja kwa moja hadi ardhini bila hata kuugusa waya.

Halafu kuna joto. Transista ikipata moto, ukinzani wake hubadilika, na zile ohmu 34 haziwi tena 34. Kwa hiyo kila chipu hufungiwa nje rezista ya ohmu 240 yenye usahihi wa asilimia moja. Ndani yake, transista ya kutolea data imegawanywa vipande, kila kimoja kikirekebishwa hadi kilingane na rezista hiyo. Ukiwasha vipande saba sambamba, 240 kwa 7 unapata 34.

Kwenye simu mambo yamegeuzwa. Kumbukumbu za LPDDR4 hushikiza rezista ya mwisho upande wa ardhi, kwa hiyo huko sifuri ndiyo ya bure na moja ndiyo inayolipiwa. Toleo lililofuata, LPDDR4X, likashusha volteji ya nyaya za data kutoka 1.1 hadi 0.6. Kwa volteji ndogo hivyo, transista ya juu ya aina ya P iliyozoeleka haiwaki vizuri, basi wabunifu huweka aina ya N juu na chini. Aina hiyo hupitisha mkondo mwingi zaidi kwa ukubwa uleule, hivyo transista inaweza kuwa ndogo, na chaji ya kuiwasha nayo hupungua.