Kizuia sauti hakiifanyi bunduki kuwa bubu

Ukiingia kibanda umiza pale Kirumba, Mwanza, muuaji kwenye filamu akifyatua bunduki yenye kizuia sauti, utasikia "fyu" tu. Wengi tumekua tukiamini hivyo. Sivyo ilivyo.

Bunduki ina milio miwili mikubwa. Wa kwanza ni wa gesi moto inayochomoka mdomoni mwa mtutu. Huo ndio unaopunguzwa na kizuia sauti, kifaa alichokipatia hataza Mmarekani Hiram Percy Maxim mwaka 1909. Hupungua desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hadi 35 hivi: mlio wa 160 ukashuka mpaka 130, bado unaumiza masikio!

Wa pili ni mpasuko wa hewa pale risasi inapoipita sauti kwa mwendo, na huo kifaa hakiugusi. Kwa joto letu la nyuzi 27, sauti husafiri mita 347 kwa sekunde. Risasi ya AK-47 hutoka kwa mita 715 hivi. Ndiyo maana wanaotaka utulivu hutumia risasi nzito iendayo polepole kuliko sauti. Hata kwa risasi hiyo, vyuma vya bunduki hugongana, na shabaha hulia inapopigwa.