Bontshe wa Peretz si mtakatifu jamani

Kila nikifundisha hadithi za I. L. Peretz lazima atokee mtu aseme Bontshe, yule mhusika wa hadithi yake moja, ni mfano wa subira, na mi naanza kubisha upya. Peretz alizaliwa 1852 Zamość, Poland ikiwa chini ya Urusi, akafanya uwakili kama miaka kumi hivi mpaka serikali ikamnyang'anya leseni, afu akahamia Warsaw, mchana karani kwenye ofisi ya jumuiya ya Wayahudi, muda unaobaki anaandika Kiyidi, lugha ya nyumbani ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ambayo wasomi wengi wa enzi zile waliiona ya kihuni tu. Huo uwakili usiusahau.

Hadithi yenyewe, "Bontshe Shvayg" (yaani Bontshe Mkimya), ilitoka 1894. Bontshe ni hamali, mama wa kambo alimlisha mkate wenye ukungu, baba mlevi akamtupa nje kwenye theluji, hela ya jasho lake anaiomba kama sadaka, na hajawahi kulalamika, si kwa binadamu si kwa Mungu. Anakufa hakuna anayestuka, kibao cha kaburi kinang'olewa na upepo, mke wa mchimba makaburi anakiokota anachemshia viazi. Yani hicho kibao tu kingenitosha.

Mbinguni sasa kesi inaendeshwa kiwakili kabisa, jaji yupo, utetezi upo, na mwendesha mashtaka akisimama anasema tu, huyu alinyamaza, na mimi nanyamaza. Jaji anamwambia chukua chochote, mbingu yote yako. Bontshe anauliza, kweli? Jaji, kweli! Basi anaomba kila asubuhi skonzi ya moto na siagi. Malaika wanainamisha vichwa kwa aibu, mwendesha mashtaka anacheka.

Sasa hadithi ya kusifu upole inaishaje na kicheko cha upande wa mashtaka? Huyu kaonewa mpaka hata kutamani hajui, na Peretz kakasirika. Na yeye mwenyewe hakuwa wa kunyamaza, 1899 aliwekwa ndani miezi kadhaa kwenye ngome ya Warsaw.

Hadithi yake nyingine, ile ya rabi (kiongozi wa dini wa Kiyahudi) wa mji wa Nemirov, nayo wanaisoma hivyo hivyo. Wafuasi wanasema alfajiri za sala za toba rabi anapaa mbinguni, Myahudi mmoja wa Lithuania, mbishi, anajificha chini ya kitanda chake, anamfuata, kumbe rabi kavaa kama mkulima, anakata kuni msituni anampelekea mama mgonjwa, anamwashia jiko huku akisali. Mbishi anageuka mfuasi, wenzake wakisema rabi kapaa mbinguni yeye anaongezea, kama si juu zaidi. Wengi wanaona ni sifa tu kwa Wahasidi, wale Wayahudi wacha Mungu wanaomfuata rabi wao kwa moyo wote, ila angalia vizuri, muujiza Peretz kauondoa wote, kabakiza shoka na kuni.