Sisimizi wa kuchota uani si koloni

Wengi hudhani kufuga sisimizi ni kuchota wachache uani, kuwatia katika chupa ya udongo na kungoja waongezeke. Hawataongezeka. Wale ni vibarua, yaani wafanyakazi wa koloni (jamii ya sisimizi wenye malkia wao); ni majike, ila katika spishi nyingi hawawezi kupata malkia mpya bila mayai ya malkia wao. Watachimbachimba kwa muda, kisha wataisha mmoja mmoja.

Kinachotakiwa ni malkia aliyekwisha kupandwa. Hutafutwa mvua zinaponyesha, akisharuka, kujamiiana na kujivua mabawa. Huwekwa gizani katika mrija wenye maji yaliyozibwa kwa pamba, na malkia wa spishi nyingi hulea vibarua wa kwanza bila kula chochote. Subira inahitajika: malkia mmoja wa Lasius niger, sisimizi mweusi wa bustani, aliishi karibu miaka 29 kifungoni.

Siafu, kwa maoni yangu, waachwe porini; ni mamilioni, wanahamahama na wanataka nyama. Sisimizi aina ya Messor cephalotes wa Kenya hula mbegu, ndiyo maana wanatamaniwa Ulaya. Lakini kuwasafirisha bila kibali ni kosa: mwaka 2025 vijana wawili wa Ubelgiji waliokutwa na malkia wapatao 5,000 walitozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja.