Kigezo cha Nne na Chupa ya Mofini

Ukizuka mjadala wa kuhalalisha kifo cha huruma, yaani daktari kumuua mgonjwa aliyeomba ili asiteseke, hakosi mtu wa kuitaja Uholanzi. Sawa, ila tuisome sheria yenyewe. Ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 2002, na haimpi mgonjwa haki ya kudai auawe. Inamkinga daktari aliyetimiza vigezo sita: ombi liwe la hiari na limefikiriwa, mateso hayavumiliki wala hayana tumaini la kupungua, mgonjwa ameelezwa hali yake, yeye na daktari wameona hakuna njia nyingine ya maana, daktari wa pili asiyehusika amemwona mgonjwa na kuandika maoni yake, na tendo lenyewe limefanywa kitaalamu. Baada ya hapo faili huenda kwa kamati yenye mwanasheria, daktari na mtaalamu wa maadili.

Wengi hubishania kigezo cha kwanza. Mimi, mtu wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona, hukwama kwenye cha nne. Utasemaje hakuna njia nyingine wakati kabati la dawa lina paracetamol na diclofenac tu, dawa za maumivu ya kawaida?

Kwetu sheria haina utata. Kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na cha 213 cha Kenya, humhesabu aliyeharakisha kifo cha mgonjwa kuwa ndiye aliyekisababisha, hata kama ugonjwa ungemuua tu. Kosa ni kukichukua kifungu hicho kama sababu ya kuogopa kuandika mofini, dawa ya maumivu makali. Mofini inayopandishwa kidogo kidogo kwa kufuata maumivu haiharakishi kifo. Na kumwondoa kwenye mashine mgonjwa ambaye mashine haimsaidii tena ni jambo la tatu kabisa, lisichanganywe na haya mawili.

Hiyo mofini ya kunywa si kitu cha ajabu: ni unga, maji safi na dawa ya kuzuia isiharibike. Mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia huanza na mg 2.5 hadi 5 kila baada ya saa 4: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku apewe dozi mara mbili ili asiamshwe saa 8 usiku. Maumivu yakichomoza katikati, anapewa dozi nyingine sawa na ile ya kawaida, na inaandikwa. Kesho yake unajumlisha. Kama alikuwa kwenye mg 5, yaani 30 kwa siku, na akahitaji dozi 4 za ziada, jumla ni 50. Gawa kwa 6, unapata 8 na ushee; shusha kidogo, mpandishe hadi 7.5.

Mambo huharibika kwenye kipimo. Kuna chupa ya mg 1 kwa ml na ya mg 10 kwa ml, na kijiko kimoja cha chai cha ml 5 ni mg 5 au mg 50 kutegemea umeshika ipi. Uganda walilitatua kwa rangi: kijani ile hafifu, pinki ile kali. Ninachopendelea ni bomba la sindano lisilo na sindano, lenye plasta iliyobandikwa pale dawa inapopaswa kuishia. Bibi asiyejua kusoma hakosei plasta.

Usingizi na kichefuchefu hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakuishi, kwa hiyo bisacodyl ianze siku ileile. Nimeona mofini ikilaumiwa kwa tumbo ambalo halikupewa dawa ya choo. Figo zikiwa mbovu mabaki ya dawa hujikusanya, misuli ikaanza kurukaruka na mgonjwa akachanganyikiwa: punguza dozi, tanua muda kati ya dozi. Maumivu ya neva yanayowaka kama pilipili yaongezewe amitriptyline usiku.

Sasa mgonjwa anaposema "mwanangu, bora nife tu", usikimbilie kumtuliza. Muulize: kuna nini hasa? Mara nyingi ni maumivu ya usiku. Mara nyingine ni harufu ya kidonda cha titi inayowafukuza wajukuu chumbani, na hiyo hupungua kwa tembe za metronidazole zilizosagwa na kunyunyizwa kidondani. Mara nyingine ni shamba lililouzwa ili alipiwe matibabu, na hilo halina tembe.

Tangu 2004 Uganda imewaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini. Ningekuwa na nafasi ya kubadilisha sheria moja tu, ningeanza kwa kuleta ruhusa kama hiyo kwetu.

Wapo wachache ambao hata baada ya yote haya bado huomba kufa. Kwao swali ni la kweli, na sitawaambia wavumilie. Lakini kamati ya Uholanzi husoma faili, na chati zetu nyingi zina mahali pa joto, mapigo na presha, pasipo safu ya maumivu. Kamati yetu ingesoma nini?