Baiskeli kando ya Ziwa Kivu: yanayosemwa na yaliyopo

Congo Nile Trail inaunganisha Rubavu na Rusizi, kilomita 227 kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Kivu, nchini Rwanda. Kwa baiskeli watu huitengea siku tano. Wengi wanaoshindwa kuimaliza miguu yao ni mizima. Walipanga safari kwa habari za kusikia tu, na ndizo tunazozipima hapa.

Dhana: Njia ya kando ya ziwa ni tambarare.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, ndani ya Bonde la Ufa, na ukuta wa bonde unaanzia majini. Mito na vijito vinavyoshuka kutoka milimani vimeuchana ukuta huo kuwa makorongo mengi. Barabara haina budi kushuka hadi kwenye daraja, ipande bega la kilima, kisha ishuke tena. Siku ya kilomita 45 inaweza kukupandisha mita 1,000 na zaidi bila kufika kileleni popote.

Kwa hiyo panga siku kwa mita za kupanda, si kwa kilomita. Hesabu yenyewe ni hii: mwendeshaji wa kawaida hutoa takriban wati 150 kwa muda mrefu. Kama yeye, baiskeli na mizigo ni kilo 100, atapanda kati ya mita 400 na 450 kwa saa. Mita 1,200 ni saa tatu za kupanda tu, kabla hujahesabu mteremko, picha na chakula.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayochagua gia. Gia ya moja kwa moja, yaani meno ya mbele sawa na ya nyuma, ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika inakupeleka karibu kilomita 8 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, mwendo huo unadai zaidi ya wati 215, na wachache wanaweza kuuendeleza kwa nusu saa. Weka meno 24 mbele na 36 nyuma: mwendo unashuka hadi kilomita 5 na kitu, na nguvu inayohitajika inarudi karibu na wati 150. Ukiona huna gia ndogo namna hiyo, badilisha kaseti (seti ya meno ya nyuma) kabla ya kuondoka au punguza mizigo. Magoti hayadanganyiki.

Dhana: Jina lina maana kwamba utaingia Congo, au utafuata mto Nile.

Hapana. Jina linatokana na mgongo wa milima ulio juu ya njia, unaogawa maji ya mvua. Tone linaloanguka upande wa magharibi huingia Kivu, likashuka kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika, kisha kwa Lukuga hadi mto Congo. Linaloanguka mashariki huenda Nyabarongo, Akagera, Ziwa Viktoria na hatimaye Nile. Njia yote iko Rwanda. Goma na Bukavu utaziona ng'ambo ya mpaka, mwanzo na mwisho wa safari.

Dhana: Siku hizi kote ni lami, baiskeli yoyote inafaa.

Nusu ya kweli. Kuna barabara ya lami inayopita juu kidogo, inayounganisha Rubavu, Karongi na Rusizi, na ni nzuri. Njia ya asili ya vumbi iko chini, karibu na maji, inapita Kinunu na vituo vya kuoshea kahawa. Nyingi ya safari nzuri tunazozijua huchanganya zote mbili: vumbi kutoka Rubavu hadi Karongi, lami kuelekea kusini. Kwa vumbi tumia tairi za milimita 40 hadi 50. Kwa tairi ya 47 na mtu wa kilo 75 mwenye mizigo, anza na bar 2.8 nyuma na 2.4 mbele, kisha urekebishe. Ukijaza hadi igongeke kama jiwe, baiskeli itaruka kwenye kokoto na utachoka mikono kabla ya miguu.

Mvua ikinyesha, mambo hubadilika. Udongo wa pale ni mfinyanzi. Unanasa kwenye tairi, unajaa kati ya tairi na uma wa mbele, na magurudumu yanagoma. Kosa la kawaida ni kulazimisha: cheni iliyoshiba tope huvuta kibadilisha gia cha nyuma hadi kikaingia kwenye spoki, na hapo safari imekwisha. Simama, kwangua kwa kijiti, mwagia maji cheni, ndipo uendelee. Acha nafasi ya angalau milimita 8 kati ya tairi na madigadi, au yaondoe. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, nyingine Septemba hadi Desemba. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya uhakika.

Breki ndizo zinazoliwa zaidi. Tope lenye mchanga linaweza kumaliza pedi laini za diski kwa siku mbili tatu. Chukua jozi mbili za akiba za chuma, ambazo hudumu zaidi. Kwenye mteremko mrefu usiibane breki kidogokidogo muda wote, kwani diski hupata moto na breki hupoteza nguvu; kwa breki za rimu, rimu hupata moto na tyubu huweza kupasuka. Breki kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia.

Dhana: Mafundi wapo kila kijiji, vipuri si tatizo.

Mafundi wapo kweli, na ni hodari. Ila wanachotengeneza ni baiskeli nzito za mizigo zisizo na gia. Tairi zao nyingi ni za inchi 28 kwa 1½, zenye kipenyo cha rimu cha milimita 635. Yako huenda ni 622, na tairi yao itakuwa kubwa mno, haitashika. Tyubu inaweza kukaa kwa dharura, lakini vali zao ni nene: zinataka tundu la milimita 8, na rimu ya vali nyembamba ina 6.5 tu. Beba tyubu mbili, viraka, spoki nne za urefu wako, waya wa gia, kiungo cha cheni na sikio la kushikia kibadilisha gia. Hilo la mwisho ni la fremu yako peke yake, na hakuna fundi atakayekuwa nalo.

Dhana: Kivu ni ziwa la sumu.

Gesi ipo, ya methani na kaboni dioksidi, lakini imefungwa kwenye maji ya kina, zaidi ya mita 250 chini. Mtambo wa KivuWatt karibu na Karongi umekuwa ukiivuta na kuzalisha umeme tangu 2016. Watu huogelea Rubavu na Karongi kila siku, na jioni utaona mitumbwi mitatu-mitatu iliyofungwa pamoja ikienda kuvua sambaza. Samaki huyo aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Mtu wa Kigoma atamtambua mara moja.

Hatari ya kweli ni nyingine, na ina jina la Kiswahili cha Goma: mazuku. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye eneo la volkano, upande wa kaskazini. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Karibu na Rubavu usipige hema kwenye shimo au bonde dogo. Lala nyumba ya wageni, au uulize wenyeji. Kwingineko pia uliza, maana karibu kila kipande cha ardhi ni shamba la mtu.

Dhana: Historia ya huko ni mauaji ya kimbari ya 1994 tu.

Pembeni mwa njia kuna Shangi, wilaya ya Nyamasheke. Mwaka 1896, mwaka mmoja baada ya kifo cha mfalme Rwabugiri, jeshi la Rwanda lilishindwa hapo na kikosi chenye bunduki cha Dola Huru la Congo. Baadaye Richard Kandt, Mjerumani aliyeanzisha Kigali mwaka 1907, aliweka makazi yake hapohapo. Kisiwa cha Idjwi, unachokiona upande wa kulia ukielekea kusini, Rwabugiri alikiteka, na Wajerumani wakakiteka tena Septemba 1914.

Lakini 1994 ipo, na inastahili muda wako. Kanisa la Karongi, mji uliokuwa ukiitwa Kibuye, lilikuwa mahali pa mauaji makubwa tarehe 17 Aprili. Bisesero, juu milimani, ni pale ambapo Watutsi walijilinda kwa mawe na mikuki kwa wiki nyingi. Ukumbusho wake una vyumba tisa, kimoja kwa kila wilaya ya mkoa wa Kibuye wa wakati ule, na tangu 2023 uko katika Urithi wa Dunia. Tenga siku nzima bila mizigo, kwa sababu ni kupanda mfululizo. Badilisha suruali ya baiskeli, acha kofia ya chuma nje, na usipige picha ndani. Hapo si kituo cha kupumzikia.

Dhana: Bila Kinyarwanda au Kiingereza hutaelewana na watu.

Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na Rubavu na Rusizi wafanyabiashara wanakizungumza vizuri. Vijijini katikati hakitoshi. Jifunze *murakoze* (asante) na *igare* (baiskeli). *Amazi* (maji) huhitaji kufundishwa.

Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda akumbuke kwamba Rwanda huendesha upande wa kulia. Saa ya kwanza baada ya mpaka ndiyo ya kuangalia. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii: hadi saa tano asubuhi barabara hutulia na maduka hufungwa, basi nunua maji ya kutosha Ijumaa jioni, lita tatu kwa kila mtu. Na kama utarudi kwa basi kutoka Rusizi, kubaliana nauli ya baiskeli kabla ya kukata tiketi, fungua pedali, geuza usukani, na uilaze upande usio na cheni.